Bafu Moja na Mkwe

Kwanza niseme wazi: mimi si mtu wa kuvua nguo mbele za watu. Hata kambini JKT, jeshi la kujenga taifa, nilikuwa naamka kabla ya wenzangu nikaoge peke yangu. Lakini laoban, bosi wa kiwanda cha Uchina kilichonishonea mashati, alining'ang'ania. Mteja mzuri hapa Guangzhou, akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, lazima apelekwe bafu la Kijapani. Mwaka tisini na nane huo, wateja tukibembelezwa hasa.

Mlangoni wakaninyang'anya hadi chupi. Wakanipa kitaulo, jamani, hata paja moja hakifuniki! Nikakaa kwenye kigoda nikajisugua kwanza, ndiyo sheria yao, kisha nikajitosa kwenye bwawa la maji ya chemchemi. Moto balaa, mvuke umetanda. Nikaanza hata kufurahi.

Mvuke ukapungua. Ng'ambo ya bwawa ameketi Mzee Abednego, uchi wa mnyama. Baba yake Kissa! Mwezi wa pili huo nilikuwa nasubiri anijibu posa yangu kwa huyo binti. Nilijua amekuja kwenye maonyesho ya biashara. Sikujua kuwa laoban wetu ni mmoja.

Kwetu Tukuyu mkwe humwoni hata kifua wazi. Nikageukia ukuta, nikazama mpaka puani, nikaomba asinione.

Nikasikia maji yakimwagika, anatoka. Halafu puu! Kishindo, kisha sauti ya chini: "Agustino."

Kumbe alishanijua. Nikatupa jicho: amelala chali sakafuni, mguu umejikunja, kila kitu nje. Nilitaka kwenda, Mungu ananiona. Lakini ningemshikaje, uchi kwa uchi? Kesho tungetazamanaje? Akaita tena, "Agustino, baba, nisaidie," nami nimeukodolea macho ukuta, mpumbavu mkubwa. Mhudumu wa Kichina ndiye aliyekuja mbio akambeba mgongoni.

Jioni nikamfuata hotelini na mfuko wa machungwa. Mguu wameufunga bandeji. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti."

"Baba, kule bafuni... ilikuwa heshima."

"Najua. Ulinistahi." Akamenya chungwa, akanipa nusu. "Mimi na mama yake Kissa tuna miaka thelathini na moja ya ndoa. Nilipougua kipindupindu aliniosha yeye, mwili mzima, siku tisa. Sasa niambie, mwanangu. Siku Kissa akianguka hivyo, utageukia ukuta?"

Nikafungua mdomo niseme hapana, nitamwinua. Aibu ikanigeuza, macho yakaenda ukutani. Mzee akasubiri, akanipa muda wa kutosha kabisa, kisha akaniambia kwa upole kwamba binti yake hatanipa.