Bastola Yenye Kengele

Jumamosi saa tatu asubuhi, Anselmo alikuwa sebuleni kwake Nsemulwa, mjini Mpanda, akifuta kofia ya rubani kwa pamba na spiriti. Mkewe Rozalia akaingia na ndoo ya mchele kutoka kwa Rahel, mwanamke anayewaletea mchele wa Usevya kila msimu. Akaumimina kwenye ungo, akaanza kupembua, na katikati ya kupembua akasema Rahel ana habari kwamba shambani kwa Venansi ndege wamesimama.

"Wamesimama wapi?" Anselmo akauliza. Venansi ni mdogo wake, wa tumbo moja.

"Hewani. Asubuhi anawasimamisha, jioni anawaachia. Kwa ile bastola yake ya mti. Rahel anasema mwaka huu hajapoteza hata kibaba." Rozalia akarusha mchele juu, akaudaka kwa ungo. "Leo tule na maharage au na migebuka?"

Anselmo akasema migebuka, samaki wa ziwani. Kisha akaendelea kufuta kofia palepale alipokwisha kupafuta, mpaka rangi ikaanza kutoka kwenye pamba.

Kazi ya Anselmo ni ufundi wa ving'amuzi, na nusu ya madishi yaliyo juu ya mapaa ya Mpanda yanatazama yanakotazama kwa sababu yeye ndiye aliyeyageuza. Lakini moyo wake uko ndani ya kabati la vioo. Humo mna vifaa vya "Watu wa Nyota", tamthilia ya zamani ya televisheni ambamo watu waliovaa nguo za kubana walizunguka angani na chombo chao, wakitua kila mahali na kugombana na wenyeji. Vile vilivyoshikwa na waigizaji wenyewe viko kwa matajiri wa ng'ambo. Hivi vya Anselmo ni nakala, zilizotengenezwa chache chache na watu waliopima vya asili kwa rula, na kila moja ina cheti chenye namba. Ana kofia ya rubani, simu yenye kifuniko, beji tatu, kipimo cha hewa, na bastola ya mwanga namba mia mbili kumi na mbili. Ukiibonyeza inawaka taa nyekundu na kulia kama mbu, basi. Katavi nzima hakuna mwingine mwenye kabati kama hilo, na tusifichane, Anselmo aliyapenda maneno "Katavi nzima" kuliko hata hiyo kofia.

Sasa mdogo wake, asiye na cheti chochote zaidi ya cha ubatizo, alikuwa amesimamisha ndege.

Anselmo aliona wivu. Mwenyewe aliuita njaa, akala migebuka miwili na wali, na wivu ukabaki ulipo. Mchana ule mtu akatuma picha za shamba la Venansi kwenye kundi la wakusanyaji, lile la simu, ambamo Anselmo alikuwa ametuma picha za kabati lake tangu Pasaka na kupata vidole gumba vitatu. Picha za ndege zilipata mia nne. Mtu wa nchi ya mbali akamwandikia Anselmo kwa heshima zote: yeye aliye mkoa huohuo, je, anamfahamu yule bingwa wa kengele? Anselmo akajibu kwamba hamfahamu vizuri.

Bastola yenyewe aliijua. Krismasi iliyopita Venansi alimwonyesha: mti wa mninga, mabawa matatu ya bati la kopo, na juu yake kengele ya baiskeli. Anselmo alicheka mpaka akashika ukuta. "Bastola gani ina kengele, we Venansi?" Venansi naye akacheka, akasema, "Si wewe ndiye uliyeniambia, kaka?"

Na kweli ni yeye.

Mwaka ule wa picha Anselmo alikuwa na miaka kumi na miwili, Venansi kumi. Padri mmoja mzee, mgeni, alikuwa akija na jenereta na televisheni, akionyesha kipande kimoja cha "Watu wa Nyota" kila Jumamosi alasiri. Mpunga ulikuwa unaanza kukomaa, wakati wa kuamia, yaani kufukuza ndege, na shamba haliachwi bila mtu juu ya dungu, kichanja cha mlinzi, hata nusu saa, maana kwelea kwelea hawajui Jumamosi. Mama yao akagawa: wiki hii mmoja aende kwenye picha na mwingine apande dunguni, wiki ijayo wabadilishane. Ulikuwa mgawo wa haki kabisa.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya Anselmo, akaenda. Ijumaa iliyofuata alirudi kutoka mafundisho akasema kesho hakuna picha, jenereta limekufa. Venansi akasema basi kuliko kukaa bure, atakwenda dunguni yeye, Anselmo apumzike. Anselmo akapumzikia kwenye picha. Ikawa hivyo mara sita. Jenereta lilikufa, padri akaugua homa, padri akaitwa Mpanda, mafuta yakaisha, jenereta likafa tena. Shamba lao lilikuwa mbali, na anayeshinda dunguni hapati habari za mtu. Vipande vilikuwa kumi na viwili, Venansi anajua vilionyeshwa sita tu. Cha mwisho, kwa mgawo wa mama, kilikuwa zamu yake. Anselmo akamwambia padri amehamishwa kabla hajakionyesha.

Jioni alikuwa akimsimulia, na kusimulia alijua. Siku moja alimkuta mdogo wake sauti imekauka kwa kupiga kelele, viganja vimetoka malengelenge kwa kugonga debe, na huruma ikamwingia. Akamtungia kitu. Akasema Kapteni ana bastola ya mti, ina mabawa matatu na juu ina kengele ya baiskeli. Akiigonga, kila kinachoruka kinasimama. Akiigonga tena, kinaendelea na safari yake.

"Hawaumii?" Venansi aliuliza.

"Hawaumii."

"Basi nzuri."

Kwenye tamthilia hakuna kengele, wala mti, wala ndege. Katika maisha yao yote, hicho ndicho kitu pekee Anselmo alichowahi kumpa mdogo wake, na sasa alikuwa anakionea wivu.

Jumatatu Venansi alipiga simu. "Kaka, mwaka huu niko huru. Jumamosi nikishawasimamisha asubuhi, napanda basi nakuja. Jioni Marselina atawaachia. Shemeji anasema picha zote unazo. Tukae, tuangalie toka mwanzo mpaka mwisho."

"Karibu sana," Anselmo akasema.

Picha alikuwa nazo kweli, kwenye flashi, zote kumi na mbili. Alikaa kitandani akiwaza jinsi mdogo wake atakavyokaa kwenye kochi, miguu ameikunja, akihesabu vipande na kuvikuta kumi na viwili. Alhamisi alipanda basi la asubuhi kwenda Usevya.

Shambani mambo yalikuwa kama Rahel alivyosema. Ndege elfu kadhaa walisimama juu ya mpunga, kimo cha mtu na nusu, wengine mabawa wameyafungua na wengine wameyafumba, kila mmoja alivyokutwa na kengele. Kivuli chao kilihama polepole na jua, na Marselina, mke wa Venansi, alikuwa akiuhamisha mkeka alioanikia udaga wa mihogo kila kilipoufikia. Bwana shamba alikwisha kufika na fomu yake, akaandika chini ya "njia nyinginezo". Katekista aliomba tu wasisimamishwe Dominika wakati wa misa, kwa sababu waumini wanatazama juu. Dungu lilikuwa limeanza kuota majani ya kutambaa.

"Karibu shemeji," Marselina alisema. "Inama hapo, usije ukawagonga."

Walikula wali na kuku kivulini, kivuli cha ndege. Venansi alikuwa amenenepa kidogo, na sauti yake ilikuwa laini; Anselmo hakukumbuka kama aliwahi kuisikia sauti ile. Mpunga ulikuwa umejaa kila suke. Anselmo alitafuta kasoro akazikosa, na kuku akawa mgumu mdomoni mwake ingawa alikuwa ameiva vizuri.

"Kaka," Venansi akasema, akinawa mikono. "Wewe una simu kubwa. Ile ya mwisho, ambayo padri alihamishwa, umeipata?"

"Niliipata."

"Inaishaje?"

Inaisha hivi: Kapteni anageuza chombo, wanarudi nyumbani, na kila aliyebaki nyumbani amekwisha kuzeeka. Anselmo aliiona akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye benchi la mbele, na alilia. Angeweza kuisimulia kwa sentensi moja. Akawatazama ndege, akamtazama mdogo wake aliyeweka mikono mapajani kama zamani, akisubiri.

"Ile kengele inaishiwa nguvu," Anselmo akasema. "Kapteni anaigonga, haisimamishi kitu. Anawaambia wenzake, basi, ilikuwa ya muda. Anaiweka chini. Picha inaisha."

Venansi akauliza, "Haitengenezeki?"

"Haitengenezeki."

"Haya. Walau sasa najua." Akamgeukia mkewe. "Umesikia, mama? Ndivyo ilivyoishia."

"Nimesikia," Marselina akasema, akaondoa vyombo.

Saa kumi na mbili Venansi aligonga kengele, na ndege wakaendelea na safari yao kwenda kulala kana kwamba hawakuwa wamekawia popote. Ijumaa asubuhi walirudi, wingu zima, wakilia. Venansi akagonga kengele. Ndege wakapita juu ya kichwa chake, wakatua kwenye mpunga, wakaanza kula.

Aliwatazama kwa muda ambao mtu huchukua kufunga kamba za viatu. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akaleta debe, kombeo, na panga la kufyekea majani ya dungu. Ngazi ya dungu ilikuwa imepungua vidato viwili, akafunga vingine kwa gome la mti. Akapanda. Sauti yake ya kwanza ilitoka nzuri, ya pili ikakwaruza.

Wakati Anselmo anaaga, Venansi alimrushia bastola kutoka juu. "Kaa nayo, kaka! Iweke kwenye kabati na zile zako. Huku haina kazi tena."

Anselmo aliidaka vizuri.

Basi linapopita ndani ya hifadhi abiria hufunga madirisha kwa ajili ya mbung'o, lakini hakosekani mmoja wa kuingia. Huyu aliingia kwa dereva, akaja akizunguka, akakielekea kifundo cha mguu wa Anselmo. Anselmo hakuwa na nia yoyote, alitaka tu kuisikia kengele. Akaigonga ikiwa ndani ya mfuko.

Mbung'o akasimama. Kwa kuwa alisimama yeye na basi halikusimama, lilimpita. Akapita kwenye ujia kati ya viti, sikioni mwa mama mmoja, juu ya gunia la karanga, mpaka kioo cha nyuma kikamkuta na kumpasua. Kondakta akachukua kitambaa, akafuta.

Anselmo alielewa mara moja, maana hakuwa mjinga. Kengele ilimwishia nguvu yule aliyeamini kwamba imeishiwa. Yeye aliyeutunga ule mwisho hakuuamini, kwa hiyo kwake ilikuwa nzima.

Kufika Sitalike basi lilisimama robo saa. Ng'ambo ya barabara basi la kurudi Kibaoni na Usevya lilikuwa linapakia, na konda wake alimwita Anselmo kwa mkono, nafasi ipo, dirishani. Anselmo alinunua mahindi mawili ya kuchemsha. Akala moja akitazama viboko mtoni, akaona moyoni mwake kwamba ana furaha, na aibu, na kwamba furaha ndiyo kubwa. Akapanda tena basi la Mpanda na hindi la pili akamletea Rozalia.

Jumamosi saa tatu asubuhi bastola ya mninga ilikuwa katikati ya kabati, juu kidogo ya namba mia mbili kumi na mbili. Nzi mmoja alikuwa ameingia Anselmo alipofungua kioo, na sasa alikuwa amesimama hewani mbele ya beji. Anselmo alimpiga picha kutoka pande tatu, akazituma kwenye kundi, na kabla hajakaa vizuri vidole gumba vilikuwa mia saba. Rozalia alikuwa akifuta vumbi. Alifuta kofia, akafuta simu yenye kifuniko, akampitia nzi pembeni kwa uangalifu.

"Venansi haji tena?" akauliza.

Simu ikaita. Nyuma yake kulikuwa na debe linagongwa na ndege wanalia, na sauti iliyotoka ilikuwa ile Anselmo aliyoizoea tangu utoto, imekauka mpaka ndani.

"Kaka, leo siji. Si unaona, niko dunguni."

"Pole, mdogo wangu."

"Aa, mbona kawaida. Na yule mtoto wangu wa mninga hajambo? Bastola yangu hapo?"

"Nani, bastola?" Anselmo alimtazama nzi. "Ipo tu."

Debe likagongwa mara tatu, Venansi akapiga kelele mbali na simu, kisha akarudi akihema.

"We angalia tu hizo picha, kaka," akasema. "Halafu jioni utanisimulia."

"Nitakusimulia," Anselmo akasema.

Akakata simu, akafunga kabati kwa ufunguo, akavuta kiti mbele ya televisheni na kuchomeka flashi.