Kazi ya Siku ya Nne

Kalamu nyekundu ya Mwalimu Rozalia haikuwa na huruma, na siku hiyo iliwaangukia Anjelika na Malongo. Wanafunzi hawa wawili wa kidato cha tatu walikuwa wakitengeneza kozi fupi ya mtandaoni kwa ajili ya klabu ya ustawi: masomo matano, kila siku somo moja la dakika tatu, mtu analifungua kwenye simu yake popote alipo. Mada yao ilikuwa upweke. Kwenye karatasi ya mlengwa, yaani yule wanayemtengenezea kozi, walikuwa wameandika mstari mmoja tu: dereva wa lori anayelala Lusahunga akielekea mpakani Rusumo.

"Huyu mmemtunga," aliwaambia. "Anakula nini? Nani anamjulia hali? Hamjui. Tafuteni mtu mmoja mnayemwona kila siku, mkamwangalie wiki nzima, ndipo mrudi kwangu."

Ndivyo alivyofundishwa kwenye semina ya siku tatu huko Biharamulo mjini. Alirudi na kompyuta mpakato mbili na kanuni mbili. Ya kwanza, mlengwa awe mtu wa kweli. Ya pili, kazi yoyote isiwekwe mtandaoni kabla hajapatikana mtu aliyeifanya kweli, akaandika majibu yake kwa mkono. Kanuni hii ya pili aliipenda mno, akaibandika ukutani kwa herufi kubwa, maskini, bila kujua nani ataanza kubanwa nayo.

Wiki ikaisha, karatasi ikarudi imejaa pande zote mbili.

"Mlengwa wetu ni mtu mzima," Rozalia alisoma. "Anaishi peke yake. Redio yake inaongea hata akiwa ametoka; tumepiga hodi mara mbili tukidhani yumo. Anapika kwa sufuria ndogo. Hubaki akisahihisha madaftari mpaka mlinzi aje kufunga ofisi. Aliwahi kututajia dada yake, Leonsia wa Mbuba, mara moja tu. Likizo haendi huko. Simu yake haiiti."

Uso ulimshuka. Alitaka kuwafokea, lakini angewafokea kwa lipi? Aliyewatuma ni yeye, na aliyewaambia waangalie vizuri ni yeye.

"Tumekosea, Mwalimu?" Anjelika aliuliza, macho yakiwa chini.

"Mwandiko mbaya. Na nani atakayeijaribu hii kozi?"

Malongo, mtoto wa wafugaji wa Nemba, hakuwa na mazoea ya kuzungusha maneno. "Mlengwa mwenyewe, Mwalimu. Si ndiyo kanuni?"

Tusimcheke Rozalia. Yeye ni mtu wa Mbuba, Mhangaza wa kuzaliwa, na kutoka shuleni Lusahunga mpaka kwao ni safari ya asubuhi moja. Miaka sita iliyopita mama yao alifariki wakati yeye akisimamia mitihani. Mpaka apate ruhusa, mpaka apate gari, alifika watu wakisawazisha udongo juu ya kaburi. Leonsia, dada yake mkubwa, alimwambia mbele ya waombolezaji wote: "Umechelewa. Hata kwa mama umechelewa." Rozalia aligeuza siku ileile, chakula cha msiba hakukigusa. Tangu hapo kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze, na hakuna aliyeanza. Aliumia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba dada yake alisema kweli.

Basi Jumatatu akaanza kozi. Siku ya kwanza iliamuru redio izimwe kwa dakika kumi. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia bati la paa likilia kwa joto la asubuhi, akaiwasha tena dakika ya saba. Siku ya pili ilitaka ale na mtu. Alikula maharage na Mzee Emilian, mlinzi wa shule, ambaye alimsimulia jino lake moja tangu lilipoanza kuuma mpaka lilipong'olewa. Siku ya tatu, andika jina la mtu unayemkumbuka. Aliandika Leonsia, herufi ndogo ndogo, kana kwamba kuna mtu wa kumchungulia.

Siku ya nne ilisema hivi: mpigie yule mliyenyamaziana naye, kisha andika maneno ya kwanza aliyosema.

Rozalia hakupiga. Aliishika simu mpaka ikapata joto, akairudisha kwenye pochi, akaandika kwa mwandiko mzuri wa kialimu: "Habari za siku nyingi." Saa nne, wakati wa mapumziko, akawapa wanafunzi karatasi.

Malongo aliisoma mara mbili. "Mwalimu, dada yako huwa anakusalimia kwa Kiswahili?"

"Kwa nini?"

"Sisi nyumbani dada akipiga ni Kisukuma mwanzo mwisho. Kiswahili tunaongea na daktari."

Anjelika alimkanyaga mguu mwenzake chini ya meza. Wote watatu waliitazama kanuni ya pili, pale ukutani, na Rozalia aliona aibu ambayo hajaiona tangu alipokuwa yeye ndiye mwanafunzi.

"Nirudishieni karatasi yangu," alisema.

Saa kumi na moja jioni alisimama nyuma ya madarasa, mahali ambapo mtandao hushika vizuri, akapiga. Simu iliita sana. Ilipopokelewa alisalimia kwa Kihangaza, salamu ya mdogo kwa mkubwa, ulimi ukiwa mzito kwa kutoitumia. "Dada, ni mimi."

Upande wa pili kimya. Alisikia kuku, akasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa, na karibu kabisa, mtu akihema. Aliendelea kusimama hapo mpaka dakika zake za maongezi zikaisha na simu ikakatika yenyewe. Alirudi nyumbani akiwa mpweke kuliko alivyotoka.

Ijumaa asubuhi aliwakabidhi karatasi. Jibu la zamani alikuwa amelikata kwa kalamu yake mwenyewe nyekundu, na chini yake ameandika: "Hakusema kitu. Hakukata."

Anjelika alilisoma polepole. Somo la siku ya tano walikwisha kulitengeneza: lilikuwa na picha ya maputo na maneno "Hongera, umeweza." Alilitazama kwenye kompyuta, akamtazama mwalimu wake, akalifuta lote. Mahali pake akaandika: "Kama hakusema kitu, piga tena leo, saa ileile."

"Hili nalo lazima lijaribiwe, Mwalimu," Malongo alisema, safari hii kwa upole.

Mchana ule Rozalia alitoka ofisini mapema, na Mzee Emilian alistaajabu kuikuta ofisi haina mtu. Alipopita nyumbani, redio hakuiwasha. Alinunua dakika, akakaa nyuma ya madarasa na karatasi yake magotini tangu saa tisa. Malori yalisikika barabarani yakibadilisha gia. Alijiambia atangoja saa kumi na moja, kama somo linavyotaka. Saa kumi na nusu uvumilivu ukamwishia, akapiga.

Haikuita hata mara mbili. Ilipokelewa, na kimya kikawa kilekile cha jana, kuku walewale. Rozalia alisalimia. Alingoja. Alikwisha kujiandaa kuandika jibu la jana kwa mara ya pili.

"Jana ilikuwa saa kumi na moja," sauti ya Leonsia ikasema kwa Kihangaza, nzito, imezeeka. "Leo umewahi."

Rozalia aliibana simu kwa bega. Aliandika maneno hayo mawili ya mwisho kwenye nafasi yake, mwandiko ukiwa mbaya kuliko wa Anjelika. Kisha akalia, simu ikiwa sikioni, na upande wa pili hakuna aliyekata.