Oili Iliyohama Bila Kuvuja

Mama Povu hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na wateja, kwa kuwa alipika sabuni katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, na kwa kuwa maswali yake, kama povu, yalikuwa hayaishi. Daktari wa meno aliwahi kumsihi afunge mdomo, kisha akakumbuka kwamba anauhitaji ukiwa wazi.

Sabuni zake zilisambazwa na wifi yake, dada mdogo wa mumewe, aliyekuwa na gari la kupanda milima, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Gari lenyewe lilikuwa na umri wa kuamkiwa shikamoo. Mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba, taa moja ilitazama barabara na nyingine ilitazama majani, lakini injini ilikuwa nzima na wifi alilipenda kama mtoto wa kwanza.

Shida ilikuwa gia namba mbili. Kila asubuhi wifi alipotoka gia ya kwanza kwenda ya pili, chini ya sakafu kulitoka sauti ya mtu anayetafuna changarawe: krrrr!

"Anataka kubembelezwa tu," wifi alisema asubuhi hiyo, masanduku ya sabuni yakigongana nyuma.

"Kwani jana hukumbembeleza?"

"Wifi, na wewe! Nimembembeleza mpaka bega linauma. Nimemwongezea na oili, ile nzito, ya bei mbaya. Muuza duka kaniambia hii ni namba tano, ile nyingine namba nne. Sasa, kati ya nne na tano, ipi kubwa?"

Mama Povu alilivuta kopo kutoka chini ya kiti, akalifungua, akanusa. Kichwa kikarudi nyuma chenyewe. Harufu ya kiberiti, ile salfa, na ya vitunguu vilivyosahauliwa kabatini.

"Na tangu uweke hii, kapona?"

Wifi alikata kona ya mwisho wa mtaa. "Kazidi," akasema.

Basi wakaenda moja kwa moja gereji, kwa fundi aliyeitwa Taratibu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ilipomkuta nje. Taratibu aliliingiza gari juu ya shimo, akashuka chini na taa yake. Mama Povu akachuchumaa ukingoni, gauni kalikusanya magotini, macho kayatoa.

"Hii ndiyo giaboksi," Taratibu alisema, akigonga chuma kwa spana. "Ukifungua bolti hii ya ubavuni, oili inatakiwa ije mpaka mdomoni mwa tundu. Isipofika, ina njaa."

Akafungua. Haikuja. Akaingiza kidole chote. Kikatoka kikavu kama cha mtu anayehesabu hela mpya.

"Dada, uliongeza oili kweli?"

"Kopo karibu zima! Kwa mikono yangu!"

"Basi imevuja."

"Wapi?" Mama Povu aliuliza. "Gari linalala kwenye uwanja wangu wa saruji. Nafagia kila siku. Sijaona hata tone."

Taratibu aliupitisha mwanga tumboni mwa gari, mbele na nyuma. Vumbi, vumbi, matope makavu. Hakuna unyevu. Akajikuna kidevu na kuacha alama nyeusi. "Oili haina miguu," alinong'ona, na sauti yake haikuwa ya fundi tena, ilikuwa ya mtu aliyeonjeshwa kitendawili.

"Na hilo boksi lililoegemea giaboksi ni la nini?"

"Hilo ndilo linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Lina oili yake mbali. Niliijaza mwenyewe, halina ugomvi."

"Hebu lifungue tulione."

"Mama, nimekwambia halina ugomvi."

"Kama halina ugomvi, halitakukasirikia."

Wifi alicheka hadi akashika ukuta. Taratibu naye akalegeza bolti, polepole kama desturi yake, ila oili haikufuata desturi yake. Iliruka, ikamlowesha kuanzia kola mpaka mkanda. Boksi lile lilikuwa limeshiba hadi kooni.

Mama Povu aliomba kitambaa alichojifutia Taratibu, akakinusa, kisha akasugua oili kwa kidole gumba na cha shahada, kama anavyofanya anapopokea mafuta ya sabuni kutoka kwa wauzaji asiowaamini. "Ulipojaza hapa, oili yako ilinuka hivi?"

Taratibu alinusa. "Hapana. Mimi niliweka nyepesi, isiyonuka namna hii."

"Hiki ni kiberiti cha kwenye kopo la wifi."

Wote watatu wakatazamana. Kisha Taratibu akapiga paja. "Kikulacho ki nguoni mwako! Kati ya maboksi haya mawili kuna sili ya mpira, inayozuia oili isihame. Imechoka. Giaboksi inakonda na jirani yake ananenepa, wala nje hakuna dalili."

"Basi weka sili mpya," wifi alisema, "halafu jaza namba tano mpaka imwagike, twende zetu."

"Kwa nini namba tano?" aliuliza Mama Povu.

"Wifi, jamani, hesabu za chekechea!"

Lakini Taratibu hakucheka. Alipanda juu, akaenda kwenye pembe ya vyuma chakavu, akarudi na ringi ya rangi ya manjano iliyochongwa meno madogo ukingoni. Akamwekea Mama Povu kiganjani. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana.

"Hizi ziko ndani ya giaboksi. Unapobadilisha gia, ringi hii inaikamata gia inayozunguka, inaisawazisha mwendo, ndipo meno yanaingiana bila kelele. Ikishindwa kuikamata, unasikia krrrr."

"Kwa hiyo kazi yake ni kukamata. Na oili kazi yake ni kuteleza. Zinaelewanaje?"

"Hapo ndipo penyewe. Inatakiwa oili itelezeshe meno, lakini iiachie ringi nafasi ya kushika. Namba tano imetengenezwa kwa difu, kule kwenye ekseli, meno yanayosagana kwa nguvu kubwa. Si daraja la ubora, ni kazi nyingine."

Mama Povu aliigeuza ringi kwenye mwanga wa mlango. "Na hii ni shaba."

"Aina ya shaba."

"Mimi magadi makali siyatii kwenye chombo cha shaba hata kwa dawa. Yanaitafuna, na sabuni inaharibika. Hicho kiberiti nacho hakiitafuni?"

"Wapo wanaosema kinaitafuna, oili ikipata moto. Wapo wanaosema oili za siku hizi hazina neno. Mimi ndani ya gari la zamani sibahatishi."

Wifi akasema kama anayejisemea: "Mchana huwa hagomi. Ni asubuhi tu. Akishapata joto, gia inaingia kama kisu kwenye siagi."

"Hilo ungelianza nalo!" Taratibu akamgeukia. "Oili nzito ikilala na baridi inakuwa kama uji. Ringi inashindwa kuipenya. Unahitaji isiyoganda asubuhi na isiyokuwa maji mchana."

Wakaenda dukani wote watatu, Taratibu na shati lake lililolowa. Muuza duka akatoa kopo la namba tano kabla hawajasalimiana. Mama Povu alilirudisha kwa adabu. Walisoma migongo ya makopo mpaka wakapata lililoandikwa GL-4, ndiyo namba nne yenyewe, na 75W-90. Sabini na tano, Taratibu alieleza, ndiyo tabia yake ya baridini. Tisini ndiyo ya jotoni. Wakachukua ya kutosha maboksi yote mawili. "Sili ikichoka tena," alisema Mama Povu, "majirani watakuwa wanakula chakula kimoja."

Gari lililala gereji siku kadhaa, kwa kuwa sili haifikiki bila kushusha giaboksi. Ringi zilipotoka, ile ya gia ya pili ilikuwa imepata weusi ukingoni. Mama Povu alitaka kujua: ni kiberiti, njaa ya oili, au uzee?

"Siwezi kuapa," Taratibu alijibu. "Labda vyote. Ila meno yake bado yapo, nairudisha."

Asubuhi walipolichukua kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Wifi aliwasha, akatoka na gia ya kwanza, kisha akasita.

"Wifi, weka mkono wako hapa," akasema. "Mimi nakanyaga klachi, wewe vuta."

Mama Povu hakuwahi kushika mkono wa gia maishani. Aliufunika kwa kiganja, akavuta polepole. Ulifika mahali ukasita kidogo, kama mtu anayegonga hodi, halafu ukakubali. Kimya. Gari likaongeza mwendo.

"Umesikia?" wifi aliuliza.

"Sijasikia kitu," Mama Povu alisema, mkono bado haujabanduka. "Rudisha ya kwanza. Nataka nijue pale inaposita panafanyika nini."