Majina Yaliyosomwa Sifuri

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio.

Saa tatu lori la unga wa kanisa lilifika kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kutoka ghala la Lilongwe, pamoja na orodha iliyochapwa huko. Gakiza, jirani yangu Mrundi, ndiye aliyeandaa majina ya wenye nyumba na idadi ya watu wao kwenye kompyuta yake na kuyatuma. Shemasi akaanza kusoma. Sinzinkayo, watu saba. Nduwimana, watu tisa. Kisha: Moïse Lwaboshi, mtu mmoja.

Nyumbani kwa Lwaboshi wamo kumi na wawili.

"Zoé, sifuri," shemasi akaendelea, sauti ikimpungua. "Espérance, sifuri."

Espérance ni mke wangu. Kwetu tuko wanane, Wakongo kama nyumba ya Lwaboshi.

"Bantu ya Congo peke yao njo banakatwa!" Lwaboshi alipiga kelele. "Gakiza, unataka batoto yangu bakule udongo?"

"Papa Moïse, mi niliandika kumi na mbili. Mungu iko shahidi."

"Mungu yako iko na tumbo kubwa!"

Ngumi ya kwanza ilimvunja Gakiza pua. Alipoanguka tulimzunguka. Nasema tulimzunguka, kwa sababu mimi nilimpiga teke la ubavuni na nikasikia mfupa ukikatika. Lwaboshi aliushusha mpini wa jembe juu ya mkono wa kulia wa Gakiza, mara tatu. Vidole vikageukia nyuma.

"Lete petroli ya ile kabaza!" mtu akaita, na mwenye pikipiki akaanza kufungua tangi.

Shemasi alikuwa ameangusha karatasi na kukimbia. Nikaiokota nitafute wengine waliokatwa. Nikaona: Félicité Nsengimana, sifuri. Ni mama mzazi wa Gakiza.

Nilijitupa juu ya Gakiza. Fimbo ikanipata shingoni.

"Muache! Mama yake mwenyewe iko sifuri!"

Lwaboshi alininyang'anya karatasi, mpini bado juu. "Nani njo alikata, basi?"

"Mashine mbili hazielewani. Tulifundishwa darasa la kompyuta la jioni. Programu ya Gakiza inahesabu herufi. Ile ya Lilongwe inahesabu baiti, vipande ambavyo mashine inatunzia herufi. Herufi yenye alama juu, kwa Gakiza ni moja, kule ni vipande viwili. Jina linanenepa, linasukuma namba nje ya nafasi yake, na mwisho wake unakatwa. Kumi na mbili inabaki moja. Nane imeandikwa sifuri nane, inabaki sifuri. Tazama, kila aliyekatwa iko na alama!"

Alipitisha kidole jina kwa jina, hadi chini. Mpini ukamtoka mkononi.

Akeza, mke wa Gakiza, alifika akakipakata kichwa cha mumewe. Gakiza alikuwa akihema kwa sauti ya maji.

"Dada, utusamehe," Lwaboshi alisema.

Akeza hakumtazama. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye damu, nimeanza kumlilia Bwana.

"Kuomba utaomba kwa njia ya hospitali, Baba Ezechiel," Akeza akaniambia. "Sasa sema utafanya nini. Sema kwa nguvu, bote basikie."

Nikasimama. Yule wa pikipiki akalifunga tangi lake.

"Mimi Ezechiel nimemvunja mbavu mtu asiye na kosa. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: nampeleka hospitali Lilongwe kwa lori hili, na sitatoka kando yake. Polisi wakiuliza nani alimpiga, nitataja jina langu kwanza, kisha la Lwaboshi, kisha la kila mmoja niliyemwona."