Miche Iliyoamka Mapema

Mwenye kitalu alipiga goti kwenye theluji chafu, akaushika mche wa kwanza. Ncha yake ilikuwa nyeusi. Akashika wa pili, wa tatu, kisha akaacha, maana kutoka pale hadi mwambani mteremko mzima ulikuwa vivyo hivyo, na macho anayo.

"Imeungua?" mumewe aliuliza kutoka chini kidogo. Magoti hayakumruhusu kupanda zaidi.

"Baridi imeichoma yote."

Uchungu ule, acha tu. Misonobari ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiizuia theluji isiporomokee nyumba za bondeni, na yao ndiyo ya kwanza kabisa chini ya mteremko. Miaka ya joto ikaleta wadudu, wadudu wakaimaliza misonobari karibu yote. Theluji ilipobomoa ukuta wa jirani, binti yao akahama na watoto. "Mama, miti ikishika, tunarudi," alisema. Ndipo wale wawili wakajifunga kibwebwe kuupanda mteremko upya.

Kosa walilifanya kwa huruma, na hilo ndilo linalokera. Mbegu zilitakiwa zitoke kwenye misonobari michache iliyobaki kule juu, ile mifupi iliyopindishwa na upepo, yenye koni za kuhesabu, yale matunda makavu yanayobeba mbegu. Mume alikuwa mkwezi hodari wa miti, ila magoti yalishaanza kumtesa. "Chukua za hapa bondeni, karibu na barabara," mke alimwambia. "Msonobari ni msonobari, bwana. Unataka kuvunjika shingo?" Naye akacheka, akajaza magunia bila hata kutoka jasho.

Kumbe mti hurithi na wakati wa kuamka. Wa bondeni umezoea kwamba joto likija ndiyo limekuja. Huku juu jua la siku mbili tatu likaudanganya, ukachipua, na baridi ikarudi ikaukuta umejiachia. Wa juu hauna haraka hiyo. Unalala mpaka uhakikishe.

"Nitaikwea ile misonobari ya juu," mume alisema. "Polepole. Hata kwa kutambaa."

"Ukwee nini, mume wangu? Nayo yote imekauka, wadudu wameifikia. Naiona kutoka hapa."

Mume aliangalia juu, akaangalia chini kwenye paa lao. Hapakuwa na mti mwingine wa kuuomba mbegu, na huo ndio ukweli, hata mtu augeuze vipi.

"Basi tumwambie binti yetu atutafutie chumba huko aliko," mke alisema. "Kimoja kinatutosha."

"Mpigie wewe. Mimi sitaweza."

Akavua glavu kwa meno, akabonyeza. Simu haikuita hata mara mbili.

"Mama! Nilikuwa naisubiri simu yako." Nyuma yake watoto walikuwa wanagombana nani atalala na bibi wakirudi bondeni. "Nyamazeni kwanza, bibi anataka kusema," binti aliwakemea. Wakanyamaza wote, wakamsikiliza.