Mpaka Azidiwe

Padre Benedikto wa Chinongwe alikuwa mtu wa sheria. Miaka kumi nyuma, dada yake Marselina alipoolewa na Seifu kwa ndoa ya Kiislamu, ni yeye mwenyewe aliyesimama mbele ya Wakristo akasoma jina lake: ametengwa, asikaribie Meza ya Bwana. Watu walimsifu kwamba hana upendeleo. Sifa ile ilimkaa vizuri, tusifichane.

Sasa ilikuwa masika ya mwaka 1980, na Marselina alikuwa hoi kwa maradhi ya mapafu. Ombi lake lilikuwa moja tu: apokee Komunyo kabla hajafa. Lakini aliyetengwa hurudishwa na askofu, na barua ya Benedikto kwa askofu ilikuwa imekwama Ruangwa pamoja na basi, maana barabara ilikatika. Bila ruhusa hiyo, padre angeweza kumpa kwa sharti moja: awe anakata roho.

Basi ndugu wote wakaomba apone, na padre akabaki anasubiri azidiwe.

Jumatatu alikwenda na Sakramenti, akamkuta anakunywa uji. Akairudisha kanisani. Jumatano akaenda tena. Marselina alikuwa ameegemea ukuta.

"Leo je, kaka?"

"Leo una nafuu, mdogo wangu."

"Basi niombee nizidiwe," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Seifu akamfuata padre uani. "Shemeji, mambo ya kanisani kwenu mimi siyajui. Lakini mwenzangu ana njaa ya kitu hicho ulichobeba. Mpe tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," padre akajibu. Lilikuwa jibu zuri, na njia nzima lilimsumbua.

Ijumaa asubuhi Seifu alimfuata mwenyewe, miguu imejaa tope. Safari hii sharti lilikuwa limetimia. Padre alikimbia na kanzu yake, akapiga magoti, akamwondolea dhambi, akamega kipande kidogo kabisa cha Komunyo na kukiweka ulimini pamoja na tone la maji.

Marselina alimtambua. Alikuwa amefumbua kinywa mwenyewe, lakini koo halikumeza. Akajaribu tena, macho kwa kaka yake. Maji yakamtoka pembeni mwa mdomo pamoja na kile kipande, na pumzi ikakoma.

Sheria inasema Mwili wa Bwana hautupwi. Mgonjwa akishindwa, padre aule. Benedikto alikiokota kile kipande mbele ya Seifu, akakitia kinywani. Moyo ulimuuma, lakini alikimeza bila shida yoyote.