Magongo Yaliyochomekwa Murongo

Haya ni kweli tupu, hayana chumvi hata punje. Atakayenikamata kwa neno moja la uongo, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kile pale, ni chake.

Jumanne moja ya mwaka 1953, saa tatu asubuhi, Felisiani wa Nkwenda alifika kivukoni Murongo na wenzake kumi. Kila mmoja alishika gongo alilolitengeneza kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe, ncha imepindwa motoni. Ng'ambo ya mto, huko Mbarara, walikuwa wamealikwa kucheza mpira wa magongo Jumamosi. Felisiani alishapiga hesabu zake: aking'ara Mbarara ataitwa Kampala, na wa Kampala huvushwa bahari wakacheze Bara Hindi.

"Shikamoo, bwana karani," alisema, akachomeka gongo lake ardhini. Wenzake wakachomeka yao. Kwao mtu hamwendei mwenyeji na fimbo mkononi kama aliyekuja kupigana.

"Marahaba," alijibu karani Placidius. "Barua ya kutambuliwa kwa timu?"

"Hatuna bado."

"Timu isiyotambuliwa haivuki."

"Tutatambuliwaje?"

"Mkishacheza nje."

"Nje ndiyo wapi, mzee?"

Placidius akanyoosha kalamu kuelekea ng'ambo. Felisiani alicheka, karani hakucheka.

"Ngojeni. Nitamwandikia Bwana Shauri, mkuu wa wilaya."

Wakangoja kama wachungaji wangojavyo: mguu mmoja chini, wa pili umekunjwa, uzito wote juu ya gongo. Alhamisi magongo yalitoa majani. Ijumaa Felisiani alitaka kubadili mguu, mguu haukuja. Aliinama, akaona vidole vimeshaingia udongoni.

"Na wangu," alisema Rwezaura, aliyesimama kando yake. "Usiuvute, unauma."

Jumamosi alasiri upepo ulileta filimbi ya mchezo kutoka Mbarara, mbali kote kule. Felisiani aliuliza kama barua imekuja. Bado. Gome lilikuwa limemfika kifuani.

Wiki ya tatu barua ilikuja: timu imekataliwa, kwa kuwa haijacheza nje. Placidius aliisoma kwa sauti, jina kwa jina, mbele ya miti kumi na mmoja. Kisha akatundika koti lake kwenye tawi la Felisiani, akaigeukia timu nyingine, ya Kamuli, iliyokuwa ikingoja kivulini, magongo yamechomekwa.

"Kumi," alisema Jovitha, mjane wa Felisiani, nilipomaliza kusimulia.

"Kumi nini, shemeji?"

"Miti. Napalilia pale kila mwaka. Ni kumi, Rwezaura."

"Macho ya uzee hayo, shemeji."

"Vua kiatu cha kushoto."

Watu wote wakanitazama. Nikavua. Vidole havipo, panga lilipita hapo Ijumaa ile ile, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikamsogezea kibuyu. Hakunywa. Alikitwika kichwani, akashika njia ya Murongo kwenda kummwagilia mumewe.